Jina la Mzimu wa Mvua: Maisha ya Julius Kambarage Nyerere Baina ya Kizanaki na Kiswahili

1.0 Utangulizi

Riwaya ya kusisimua inayomhusu mtoto aonaye mizimu ni utanzu uliozoeleka katika fasihi ya nchi za Magharibi. Kanuni yake ni nyepesi. Mtoto huona kile ambacho watu wazima hawakioni. Wakubwa hukataa kumsadiki. Na kisa huendelea mpaka marehemu anayetangatanga apate alichokuwa akikitafuta. Mwandishi au mtafsiri wa Kiswahili anayeuchukua utanzu huo hukutana na tatizo la lugha kabla hajafikia tatizo la sanaa. Neno ambalo hulikimbilia kwanza, yaani mzimu, halimaanishi tu marehemu anayewatokea watu. Katika Kiswahili cha pwani humaanisha pia mahali: pango, mbuyu au magofu ambapo watu hupeleka sadaka kwa wahenga wao. Muhammed Said Abdulla, ambaye hadithi yake ilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya mwaka 1957 hadi 1958 na kuchapishwa mwaka 1960 kwa jina la Mzimu wa Watu wa Kale, alilitumia neno hilo kwa maana hiyo ya pili. Mzimu katika riwaya yake ni mahali ambapo mtu amekutwa ameuawa, na Bwana Msa huutatua utata huo kwa akili, wala si kwa kuzungumza na wafu.

Makala haya yanakusudia kulitazama tatizo hilo la kiisimu kupitia maisha ya mtu mmoja anayejulikana na kila msomaji wa jarida hili, lakini ambaye kwa kawaida husimuliwa kama mwanasiasa tu. Julius Kambarage Nyerere alipewa utotoni jina la mzimu. Akiwa Rais alitafsiri tamthiliya ambayo ndani yake mfu humtokea aliye hai. Na katika utawala wake mamilioni ya watu walihamishwa kutoka katika mahali pa mizimu yao. Hoja yetu ni kwamba mambo haya matatu yana uhusiano, na kwamba uhusiano huo unatufundisha jambo kuhusu namna Kiswahili kinavyowataja wafu.

2.0 Mtoto na Jina Lake

Nyerere alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922 huko Butiama, katika nchi ya Wazanaki, mashariki ya Ziwa Nyanza. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa mtemi wa Wazanaki tangu mwaka 1915. Mama yake, Mugaya Nyang'ombe, alikuwa mke wa tano miongoni mwa wake 22 wa mtemi huyo. Mtoto alilelewa katika nyumba ya mama yake, akisaidia kilimo na kuchunga mifugo, katika jamii ambayo ilikuwa bado haijaingia kwa wingi katika dini za kigeni.

Majina ya ukoo huu yafaa yachunguzwe. Jina Nyerere lina maana ya viwavi, nalo alipewa baba kwa sababu alizaliwa wakati ambapo nchi ilikuwa imevamiwa na wadudu hao. Kwa hiyo jina ambalo ulimwengu mzima ulikuja kulifahamu kama jina la kiongozi ni kumbukumbu ya janga la mashamba la karne ya 19. Mtoto mwenyewe aliitwa kwanza Mugendi, yaani mwenda kwa miguu. Baadaye, kwa ushauri wa mwaguzi, ambaye katika lugha za eneo hilo huitwa omugabho, jina likabadilishwa likawa Kambarage. Masimulizi ya kuzaliwa kwake hutofautiana katika vipengele kadhaa, lakini yanakubaliana kwamba Kambarage ni jina la mzimu unaohusishwa na mvua.

Hapa yafaa tusimame kidogo, kwani ndipo tofauti kati ya mila hii na utanzu wa riwaya tulioutaja inapodhihirika. Katika riwaya ya Magharibi mtoto huuona mzimu, na kuona huko humtenga na jamii yake. Katika desturi ya Mara mtoto hahitaji kuona chochote. Anayeona ni mwaguzi, na anachokiona hukitamka kwa niaba ya jamii. Mtoto huwa mbebaji wa jina. Jina hilo halimtengi mtoto, bali humfunga kwa wazee, kwa mvua na kwa ardhi. Marehemu hajapotea njia wala hatafuti kisasi. Yupo mahali pake, naye anadai kukumbukwa.

Lugha za eneo hili zinathibitisha jambo hilo. Kizanaki, ambacho Guthrie alikiweka katika kundi la E.40, pamoja na jirani zake kama Kiikizu, hutumia shina -sambwa kwa mizimu ya nchi. Shina hilo linapatikana pia katika Kiganda na katika Kibukusu cha magharibi mwa Kenya. Emisambwa hukaa katika vilele, chemchemi na misitu. Mlima Chamuriho, ulioko katika Wilaya ya Bunda ya leo, umeitwa kwa jina la Muriho, ambaye Waikizu humsimulia kama mhenga wao wa kwanza. Msitu wa Muhunda pale Butiama nao unachukua jina la mzimu unaosadikiwa kukaa humo. Kwa mintarafu ya sarufi, nomino hii imo katika ngeli ya mu-/mi-, sawa na mzimu na mzuka za Kiswahili. Hiyo ndiyo ngeli ya mti, mto, mlima na msitu. Haimo katika ngeli ya mtu. Msemaji wa Kiswahili huweza kusema kwamba mizimu imekasirika au kwamba mizimu wamekasirika, na kusitasita huko kwa upatanisho wa kisarufi si uzembe wa msemaji. Ni alama ya kwamba kinachotajwa kiko katikati ya mahali na mtu.

3.0 Kutoka Mwisenge hadi Nyegina

Mtoto huyo aliondoka Butiama mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, akaanza masomo katika shule ya Mwisenge mjini Musoma, mwendo wa kilomita 40 hivi kutoka nyumbani. Masimulizi ya eneo hilo yanampa sifa mtemi wa Ikizu, Mohamed Makongoro, kuwa ndiye aliyeuona wepesi wa akili ya kijana katika mchezo wa bao na kumshauri Mtemi Burito ampeleke shule. Kama ndivyo, basi tunapata sadfa yenye maana: utemi wa Ikizu, katika mapokeo yake, ulitokana na Nyakinywa, mwanamke mwenye uwezo wa kuleta mvua. Mrithi wa kiti cha mwita mvua ndiye aliyeshauri kwamba mtoto mwenye jina la mzimu wa mvua apelekwe kusoma.

Mwisenge ilikuwa shule ya bweni. Huko Kiswahili kilikuwa lugha ya masomo, na kijana aliyelelewa katika Kizanaki ikambidi akimudu. Kozi ya miaka minne aliimaliza kwa mitatu, na mwaka 1937 akaingia Shule ya Serikali ya Tabora. Katika kipindi hichohicho cha shule alivutiwa na dini ya Kikatoliki, akawa anakwenda kufundishwa katika misheni ya Nyegina, karibu na Musoma. Ubatizo, hata hivyo, haukuja upesi. Baba yake, ambaye kwa cheo chake alikuwa na wajibu kwa mizimu ya nchi, alifariki mwaka 1942. Mwana alibatizwa Nyegina tarehe 23 Desemba 1943, akachukua jina Julius.

Mpangilio wa tarehe hizo unajieleza. Yafaa pia ionekane kwamba jina la kwanza halikufutwa. Wapo Waafrika wengi wa kizazi hicho ambao majina yao ya nyumbani yalibaki nyumbani, yakatajwa na mama na bibi tu. Yeye aliendelea kuandikwa Julius Kambarage Nyerere: jina la Kirumi, jina la mzimu wa mvua, na jina la viwavi. Katika majina hayo matatu Kanisa, mizimu na historia ya mashamba vimepangwa mstari mmoja, na hakuna kimoja kilichokifukuza kingine.

Masomo yake ya baadaye yalimwongezea zana za kuyatafakari mambo hayo. Akiwa Makerere, ambako alisoma kati ya mwaka 1943 na 1945, aliandika insha iliyopata tuzo kuhusu hali ya wanawake, akiyapima maisha ya Wazanaki kwa fikra za John Stuart Mill. Chuo Kikuu cha Edinburgh, alikokaa kuanzia mwaka 1949 hadi alipopata shahada mwaka 1952, kilimpa nafasi ya kusoma fasihi ya Kiingereza na elimu ya jamii za binadamu, pamoja na masomo mengine. Alipojiuzulu ualimu wa Pugu mwaka 1955 kwa sababu ya siasa, alirudi nyumbani kwa muda. Katika kipindi hicho alimfundisha Kizanaki padri wa shirika la Maryknoll na kushiriki katika kutafsiri maandiko ya dini kwa lugha hiyo. Kwa hiyo kazi yake ya tafsiri haikuanza na Shakespeare, wala haikuanza na Kiswahili. Ilianza na swali la jinsi ya kumtaja Mungu, roho na wafu katika lugha ya mama yake.

4.0 Mwaka 1963

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na mwaka mmoja baadaye ikawa jamhuri, Nyerere akiwa Rais wake wa kwanza. Mwaka 1963 yalitokea mambo mawili ambayo ni nadra kutajwa pamoja. La kwanza ni kwamba serikali yake iliondoa mamlaka ya kisheria ya watemi na machifu nchi nzima. Mwana wa mtemi alikifuta kiti cha baba yake, na pamoja nacho viti vya watemi waita mvua kama wale wa Ikizu. La pili ni kwamba shirika la Oxford University Press lilichapisha tafsiri yake ya Julius Caesar, tamthiliya inayomhusu mtu aliyeuawa kwa hofu kwamba angejifanya mfalme.

Katika dibaji ya tafsiri hiyo Mwalimu alieleza imani yake kwamba Kiswahili ni lugha pana, na kwamba upana huo hauna budi kutumiwa ili uongezeke. Wahakiki wamejadili sana uamuzi wake wa kutumia mashairi yasiyo na vina, jambo lililokuwa geni kwa watunzi wengi wa wakati huo. Aidha wamejadili masahihisho yaliyofanywa kwa toleo la mwaka 1969, ambamo jina la mhusika lilivikwa sauti za Kiswahili, likawa Juliasi Kaizari. Mwaka huohuo ilitoka pia Mabepari wa Venisi, ambamo mfanyabiashara mmoja wa Shakespeare aligeuzwa katika jina la kitabu kuwa kundi zima la mabepari. Mtafsiri wa namna hii si mtu anayechagua maneno kwa bahati.

Lililojadiliwa kidogo ni kwamba tamthiliya ya Kaizari imejaa mambo ambayo mtoto wa Butiama aliyajua kabla ya kujua kusoma. Yumo mwaguzi anayemwonya mkuu juu ya siku ya hatari, na mkuu anampuuza. Zimo ishara za anga na za wanyama. Kisha, katika kitendo cha nne, kuna usiku wa Sardi. Bruto amekaa hemani. Mtoto Lusio, mtumishi wake, anapiga ala ya muziki mpaka usingizi unamchukua. Ndipo Kaizari aliyekufa anamtokea Bruto na kumwahidi kwamba wataonana tena Filipi. Bruto anawaamsha wote waliomo hemani. Mtoto hakuona kitu, na askari nao hawakuona.

Tukio hilo ni kinyume kamili cha riwaya ya mtoto aonaye mizimu: hapa mtoto amelala na mtu mzima ndiye aonaye, kwa sababu mtu mzima ndiye mwenye damu mikononi. Lakini ni kinyume pia cha mzimu wa Mara. Marehemu wa Shakespeare hana mahali. Aliuawa Roma, anatokea Sardi, anatokea tena Filipi. Humfuata mtu popote aendapo. Hahitaji sadaka wala msitu. Makazi yake ni dhamiri ya muuaji.

Kiswahili kinamwekea mtafsiri wa tukio hilo maneno kadhaa, na kila moja lina gharama yake. Mzimu huleta pamoja nao ukoo, mahali na sadaka. Mzuka huonyesha kutokea ghafla, kwa kuwa unatokana na kitenzi kuzuka, lakini haulazimu kwamba kilichozuka ni mtu aliyekufa. Pepo huelekea zaidi kwenye viumbe wapandao kichwani. Kivuli hupunguza nguvu ya kinachoonekana, na roho huingiza mafundisho ya dini. Hakuna neno moja linalomtaja mtu fulani aliyekufa, asiye na mahali, anayemfuata adui yake. Pengo hili si upungufu wa lugha. Lugha ilijengwa na watu ambao wafu wao walikuwa na anwani.

5.0 Mizimu Isiyohama

Miaka kumi baada ya tafsiri hiyo, suala la anwani ya wafu lilitoka katika vitabu likaingia katika maisha ya watu. Mwezi Novemba 1973 Rais Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kwamba kazi hiyo ikamilike kabla ya mwisho wa mwaka 1976. Mkoani Mara operesheni ilifanyika mwaka 1974. Watu wa Bunda, Musoma na wilaya za jirani waliokuwa wakiishi katika miji iliyotawanyika walihamishiwa katika vijiji vilivyopangwa kwa mistari. Kufikia mwaka 1977 takwimu rasmi zilihesabu zaidi ya watu milioni 13 nchini kote waliokuwa wakiishi katika vijiji.

Sababu zilizotolewa zilikuwa wazi: shule, zahanati, maji na kilimo cha pamoja haviwezi kuwafikia watu waliotawanyika. Shule na zahanati zilijengwa kweli. Lakini hasara nayo ilikuwepo, na haikuhesabiwa katika takwimu. Katika lugha za Mara itongo ni mahali palipokuwa na mji wa zamani, ambapo wazee walizikwa na ambapo wajukuu wao hurudi kuwakumbuka. Mwanaisimu hawezi kukosa kuona jinsi neno hilo linavyofanana na kitongoji cha Kiswahili. Aliyehamishwa aliweza kubeba mlango, mabati na kuku. Itongo halibebeki. Omusambwa hauhami, kwa kuwa mlima hauhami. Kama mizimu ya Mara ingekuwa ya aina ya Kaizari, ingewafuata watu wake mpaka kijijini. Kwa kuwa si ya aina hiyo, ilibaki nyuma.

Tusiseme kwamba Mwalimu hakulijua jambo hili, kwani malezi yake na jina lake vinapinga kauli hiyo. Wala tusimpachike majuto ambayo hatuna ushahidi nayo. Lililo wazi ni kwamba alipima jambo moja dhidi ya jingine, na kwamba lililopimwa upande wa pili wa mizani, yaani uhusiano wa watu na mahali pa wafu wao, halikuwa na msamiati katika lugha ya mipango ya serikali. Kiswahili cha miongozo na operesheni kilikuwa na maneno ya uzalishaji, huduma na maendeleo. Neno mzimu likiingia humo, liliingia kama jina la ushirikina. Lugha ileile ambayo mtafsiri wake mashuhuri aliitaka iwe pana ilifanywa kuwa nyembamba pale ambapo wanavijiji waliihitaji zaidi.

6.0 Tenzi na Mwitongo

Baada ya kung'atuka urais mwaka 1985 Nyerere alirudi Butiama akalima, huku akiendelea kusafiri kwa shughuli za kimataifa. Kazi kubwa ya lugha ya miaka yake ya mwisho ni tenzi alizotunga kutokana na Enjili nne na Matendo ya Mitume, zilizochapishwa Ndanda mwaka 1996. Safari hii aliacha shairi lisilo na vina, akachagua umbo la kale la utenzi, ambalo wasomaji wa pwani na wa bara hulitambua mara moja.

Enjili nazo zina usiku wake wa kuona. Katika Mathayo na Marko, wanafunzi walioko chomboni humwona mtu akitembea juu ya ziwa, wakadhani ni mfu. Biblia ya Kiswahili ya Muungano hutumia hapo neno kivuli, na Habari Njema hutumia mzimu. Tofauti hiyo ya tafsiri mbili inaonyesha kwamba swali tuliloliuliza kuhusu hema la Bruto halikuwa limefungwa hata katika kitabu kinachosomwa kuliko vyote. Mzee aliyekulia kando ya Ziwa Nyanza, akawa mtafsiri kwa miaka mingi, alikutana nalo tena mwishoni mwa kazi yake.

Mama yake Mugaya alifariki mwaka 1997. Mwalimu mwenyewe alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama tarehe 23 mwezi huo, mahali paitwapo Mwitongo, karibu na makaburi ya wazazi wake. Jina la mahali hapo lina shina lilelile la itongo. Mwaka 2005 Jimbo Katoliki la Musoma lilianzisha mchakato wa kumtangaza mwenye heri, naye akaanza kuitwa Mtumishi wa Mungu. Waumini hufika kaburini kwake kusali. Kanisa lina istilahi yake kwa uhusiano huo wa walio hai na aliyekufa, na mila ya Kizanaki ina yake. Makala haya hayachanganyi imani hizo mbili. Yanaona tu kwamba watu hurudi tena mahali maalumu, kwa mtu maalumu, wakitaja jina ambalo ndani yake limo jina la mvua.

7.0 Hitimisho

Maisha tuliyoyasimulia yanapendekeza kwamba Kiswahili, pamoja na lugha za Mara zilizo jamaa zake, kinawajua wafu kwanza kwa mahali pao na kwa ukoo wao, na baada ya hapo tu kwa sura zao. Nyerere aliupokea ujuzi huo katika jina, akaupitisha katika tafsiri, akautikisa kwa sera, na hatimaye akaurudia kwa kuzikwa Mwitongo. Waandishi wetu vijana wanaovutiwa na riwaya za mtoto aonaye mizimu hawana haja ya kuuacha utanzu huo, wala hawana haja ya kuunakili. Shina -zimu, ambalo katika Kiswahili limetupa mzimu, zimwi na kuzimu, na ambalo katika Kitswana limekuwa jina la Mungu, lina nafasi ya kutosha kwa kisa cha kusisimua. Lakini mwandishi anapomleta marehemu mbele ya mtoto, msomaji wa Kiswahili hatauliza kwanza marehemu huyo anataka nini. Atauliza ametoka wapi, na ni wa nani.